Mteremko wa Kalekye

Kathiani, Jumapili alasiri

Ndinda, mama yangu,

Pale unapokwenda kulaza mashua kesho, nilipapata mimi kwa kusema uongo mbele ya watu. Nimeficha jambo hili kwako, kwa mama yako na kwa kanisa lililonifanya mzee wake. Sikulificha kwa sababu lilikuwa gumu kulisema. Nililificha kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi, na kulizidi kuwa rahisi kila mwaka uliopita.

Ninakuandikia nikiwa kitandani, mto nyuma ya mgongo na ubao wa kukatia mboga magotini. Nakusikia huko nje ukishindilia pamba kwenye nyufa kwa patasi. Punde tu umechungulia dirishani, mikono imejaa lami, ukaniuliza mimi baba yako, "Nau, hii mbao imeoza ama ni rangi tu imetoka?" Nikakujibu ni rangi. Ukacheka, ukasema, "Ukinidanganya nikizama nitarudi nikutese." Ulikuwa unatania. Mimi nimegeuka nikatazama ukuta.

Sitakuandikia habari za koti la mvua wala dawa ya malaria. Mama yako ameshakuambia hayo, na atakuambia tena kesho mpaka lori la mchanga liondoke na mashua juu yake. Kukuita mama yangu pia si mapambo ya barua. Una jina la mama yangu, nimekuita Mwaitu, yaani mama, tangu ulipokuwa hujui kukaa, na kama kuna mtu hapa duniani ambaye uongo wangu hautakiwi kumwangukia kichwani, ni wewe.

Ningekufa nao. Huo ndio ukweli, na unanitia kinyaa kuuandika. Lakini wiki iliyopita ulirudi kutoka Masinga vumbi mpaka kwenye nyusi, ukaketi hapa kitandani, ukasema, "Nau, nimepata! Kila mahali ni tope jeusi, lakini kuna mteremko mmoja wa changarawe, mgumu kama barabara, mashua inateleza yenyewe mpaka majini. Bei yake si mbaya. Na kuna mlinzi, kijana mmoja mpole sana, anaitwa Munyao."

Mama yako akasema Mungu ni mwema. Mimi nikaomba maji ya kunywa.

Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati ule, kwa hiyo unajua tu kwamba baba yako alifundisha Jiografia huko Masinga, kando ya bwawa, akanunua mashua, akavua kidogo, akashindwa na gharama. Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Sikiliza sasa ilivyokuwa.

Mashua hiyo unayoipaka lami ilitengenezwa mjini Machakos na Mbithi, fundi wa vitanda. Hakuwa amewahi kuona bwawa. Nilimchorea kwenye karatasi, akaigeuza juu chini, chini juu, akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni kitanda ama ni jeneza?"

"Ni mashua, Mbithi."

"Basi ni vyote viwili."

Aliitengeneza vizuri kuliko nilivyostahili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kazi ya mtu mwenye mashua ni kuvua. Sisi watu wa milimani tunafikiri hivyo. Ukinunua ng'ombe, boma liko tayari, babu alilijenga. Mashua haina babu kwetu. Nilikuwa na mashua nzuri na sikuwa na mahali pa kuilaza, wala mahali pa kuishusha majini bila kuzama topeni mpaka magotini.

Nikaanza kutangatanga. Kwanza niliifunga kwenye mti mkavu uliosimama ndani ya maji. Jua likapasua mbao za juu, na wezi wakachukua makasia. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye hoteli ya samaki karibu na ukingo. Huyo alinitoza kila usiku kama mgeni. Nilipolalamika alisema, "Mwalimu, mashua yako imelala hapa ama haikulala? Aliyelala hulipa." Nikaihamishia Matuu, kwenye ua wa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye gari lake lilikuwa likienda upande wa bwawa kila siku ya soko. Abdi alikuwa mwungwana, hakunitoza ila mafuta. Lakini mbuzi walilala ndani ya mashua na kutafuna kamba zote, na siku moja aliniambia akicheka, "Mwalimu, mimi mbuzi wangu wanazaa. Hii yako itazaa lini?"

Mwisho nikasikia kwamba wavuvi huzamisha mashua kwa mawe zikiwa hazitumiki. Mwizi hazioni, na mbao hazikauki zikapasuka. Nikajaza mawe, nikaizamisha, nikaenda nyumbani likizo kwa furaha. Niliporudi, bwawa lilikuwa limepungua, na mashua yangu ilikuwa imeketi juu ya tope mbali na maji, mawe ndani, kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wamesimama pembeni. Mmoja alisema kwa sauti, "Hapa ndipo mwalimu anatufundisha kupanda na kushuka kwa kina." Walicheka sana. Na mimi nilicheka, lakini nilihesabu waliocheka.

Zingatia hapo, mama, kwa sababu mimi sikuzingatia. Nilikuwa nimechoka kuomba. Kila jioni nilibisha hodi kwa mtu: hodi kwa mzee wa hoteli, hodi kwa Abdi, hodi kwa fulani ambaye shamba lake liko njiani. Mwalimu wa sekondari, mwenye suti mbili, anaomba ruhusa ya kupita. Nilianza kuchukia neno hodi. Nikaanza kufikiri kwamba haki yangu ni kuwa na njia isiyo na hodi.

Kisha ikaja ile mvua ya Elinino. Umeisikia hadithi yake mara nyingi, sitairudia. Bwawa lilifura likala mashamba, likazika mawe ya mpaka chini ya matope, na watu wa ukingoni wakapanda juu kwa jamaa zao. Mimi nilibaki shuleni na mashua ikawa usafiri wangu. Nilipiga kasia ukingo ule wote, nikavusha wagonjwa, nikavusha unga. Kwa hiyo maji yalipoteremka, nilikuwa mtu pekee ambaye wote walijua kwamba aliona maji yalifika wapi. Heshima hiyo niliipata kwa haki. Ndiyo maana niliweza kuitumia vibaya.

Sasa, huo mteremko. Ulikuwa wa mjane aliyeitwa Kalekye. Nyumba yake ilikuwa juu, na mbele ya nyumba kulikuwa na mipapai miwili. Chini ya mipapai, katikati ya mteremko, alizikwa mume wake, kaburi la mawe yaliyopangwa, bila saruji. Chini zaidi kulikuwa na ua wa mkonge, na nje ya ua ndipo penye ukingo wa bwawa. Ni mteremko wa changarawe, ndio huo huo ulioupenda. Kote kwingine ni ule udongo mweusi unaonyonya miguu. Wenye mashua tulikuwa wachache lakini tulikuwa na kelele, na sote tuliutazama ule mteremko kama fisi anavyotazama mlango wa zizi.

Sheria tuliyokuwa tukiambiwa ni hii: pale maji yalipofika juu kabisa ndio mpaka wa bwawa. Chini ya hapo ni ardhi ya serikali, si ya mtu. Mawe ya mpaka yalikuwa yamezikwa, kwa hiyo naibu wa chifu akaitisha baraza, watu waulizwe. Na wenzangu wa mashua walikuja nyumbani kwangu jioni moja kabla ya baraza, wakanywa chai yangu, wakasema, "Mwalimu, wewe ndiwe mwenyekiti wetu. Ukisema maji yalipita mkonge, nani atabisha?"

Nilijua yalipofika. Nilifunga mashua kwenye ule mkonge kwa nje, si mara moja. Maji hayakuuvuka.

Baraza lilikuwa hapo hapo kwenye uwanja wa Kalekye, watu wamekaa kwenye nyasi, mipapai ikiwa imebeba. Naibu wa chifu alikuwa na kofia yake na kijiti chake, na haraka ya kwenda kwingine. Akaniita. Nilisimama nikasema, kwa Kiswahili kizuri cha darasani, kwamba katika mafuriko yale maji yalipanda mteremko huu mpaka kwenye mipapai ile pale. Nilinyoosha kidole. Nilitumia neno "mwinuko". Nilitumia neno "kwa makadirio yangu".

Kalekye alisimama bila kuitwa. Alikuwa mwanamke mfupi, leso imefungwa kiunoni, na sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili.

"Mwalimu," akasema, "maji yalifika kwa mipapai?"

"Yalifika, mama."

"Na mume wangu ako hapo katikati. Aliogelea?"

Watu wakaangua kicheko. Hata naibu wa chifu alifunika mdomo. Kalekye hakucheka.

"Nauliza, kwa sababu sijaona mawe yake yamesonga. Na mpapai ukisimama kwa maji siku tatu unakufa, kila mtu hapa analima. Si muiangalie hiyo mipapai! Imekufa?"

Watu wote walitazama mipapai. Ilikuwa imesimama pale na mapapai yake, mengine yameanza kuwa manjano. Ndinda, hilo ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko maneno yangu mwenyewe. Hakukuwa na mkulima hata mmoja pale asiyejua kwamba yule mama anasema kweli. Ushahidi ulikuwa umesimama mbele yao na matunda juu. Lakini wenye mashua walitaka mteremko, wenye kununua samaki walitaka mahali pa kununulia, naibu wa chifu alitaka kuondoka, na wengine walitaka tu wasionekane wamembishia mwalimu. Wakatazama mipapai, kisha wakanitazama mimi, wakingoja niwape neno la kujifichia.

Nikawapa. Nikasema, "Maji hayakukaa. Yalifika yakashuka usiku ule ule."

"Asi!" akasema Kalekye. "Maji ya Elinino yalikuja kwangu kusalimia?"

"Wewe mama," naibu wa chifu akamuuliza, "wakati wa Elinino ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa kaka yangu huko juu. Jikoni kulianguka kwa mvua."

"Basi hukuona."

"Sikuona. Lakini huyu hakuona pia, maana hakuna kitu cha kuona."

Hapo mzee mmoja, mwenye nywele nyeupe kama pamba, akasema kwa upole kwamba kuna njia ya zamani ya kumaliza mambo kama haya. Kiletwe kithitu, wawili hawa waape, na atakayesema uongo nyumba yake itajua. Wewe hukukulia kwenye hofu hiyo, lakini sisi tuliijua. Mtu akiapa uongo kwa kithitu, watu wa nyumba yake huanza kufa mmoja mmoja.

Kalekye hakusubiri mzee amalize. "Kileteni," akasema. "Hata leo."

Na mimi, baba yako, sikiliza nilivyofanya. Nilinyoosha shati langu, nikasema, "Wazee wangu, nawaheshimu, lakini mimi ni Mkristo. Siapi kwa vitu vya giza."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mchungaji aliyekuwepo alisema, "Amina." Nilikuwa nimemtumia Yesu kama mlango wa nyuma, na walinipenda zaidi kwa hilo. Yule aliyekuwa tayari kuapa alionekana mshenzi, na yule aliyeogopa kuapa alionekana mtakatifu. Sikukataa kithitu kwa sababu ya imani. Nilikikataa kwa sababu yenu. Nilimfikiria mama yako na nyinyi mkiwa bwenini, na nikaogopa. Maana yake, nilijua kabisa ni nani kati yetu wawili angezika watu.

Naibu wa chifu akasema mteremko ni wa bwawa, na kuanzia leo ni mahali pa mashua, na mama huyu apewe muda avune. Ndivyo ilivyokwenda. Haikuchukua muda mrefu kuliko kipindi kimoja cha darasa.

Tuling'oa mkonge sisi wenyewe. Tulimwambia Kalekye kaburi tutalizunguka, na mwanzoni tulilizunguka kweli. Mashua nzito haipendi kuzungushwa, Ndinda, utaona. Inataka kushuka moja kwa moja. Mvua ya kwanza ikapunguza mawe, mwenzetu mmoja akasogeza machache ili mashua yake ipite, mwingine akasogeza mengine. Mimi nilijiambia kwamba sikusogeza hata moja. Lakini nilipita. Nilisikia mti wa chini wa mashua yangu ukigonga na kukwaruza, na nilijua unakwaruza nini, na niliendelea kusukuma kwa sababu watu watatu walikuwa wanasukuma pamoja nami na sikutaka kusema simameni.

Huo ukwaruzo uko hapo nje, upande wa kushoto, chini. Uliniuliza ni mwamba wa wapi. Nilikuambia sikumbuki.

Kalekye alihamia juu zaidi, kwenye miamba, mahali pasipoota kitu. Alianza kupika isyo na kuwauzia wavuvi. Na mimi nilinunua. Nilikaa kwenye jiwe nikala mahindi na maharagwe yake, kwa sababu nilikuwa na njaa na hakukuwa na mpishi mwingine. Aliniita "mwalimu" kama wengine wote. Alinipakulia kama wengine wote. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa tusi au lilikuwa biashara, na sikuwahi kuwa na uso wa kuuliza.

Uenyekiti ulinidumu kidogo tu. Kiangazi kilikuja, bwawa likarudi nyuma, na ule mteremko tuliouiba ukawa mbali na maji kiasi kwamba tuliburuta mashua kwenye tope lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Vijana wakachukua kamati. Wakaanza kutoza. Wakanitoza na mimi, mwasisi. Nilipopiga kelele, mmoja wao akaniambia, "Mzee, kwani hii ni ya mama yako?" Nikapakia mashua kwenye lori la mchanga nikaja nayo Kathiani, nikawaambia gharama zimenishinda. Mama yako alinihurumia. Alinichinjia kuku.

Sasa unaelewa kwa nini niliomba maji. Huyo kijana mpole, Munyao, ni mtoto wa Kalekye. Wamemwajiri kulinda mashua zilizolala juu ya baba yake. Sijui kama anajua ni nani aliyesema nini, maana alikuwa mdogo, na pengine mama yake hakumwambia. Ukimtajia jina langu huenda akakuonyesha heshima. Sidhani nitaweza kuvumilia kusikia kwamba alikuonyesha heshima.

Najua ninachokunyang'anya. Umehangaika miaka mitatu na vyeti vyako bila kazi, umekataa kukaa tu hapa ukinigeuza kitandani, umetafuta mahali pa kulaza mashua pasipokumaliza kabla hujavua samaki hata mmoja, na umepata. Nami nakuambia usipachukue. Hilo si shauri la hekima, ni bili yangu ninayokupa wewe ulipe, na naona aibu. Wapo wazazi wanaoacha shamba. Mimi nakuachia mashua na mahali isipoweza kulala.

Kwa hiyo hili moja tu nakuomba, na unaweza kunikatalia. Kesho mkifika, iache mashua juu ya lori. Mwambie dereva angoje, atanung'unika, ana desturi hiyo. Panda kwanza kwenye miamba, uulize kwa Kalekye. Bado yuko hai, nimeuliza kwa watu. Mwambie wewe ni binti wa nani kabla ya kumwambia unataka nini. Mwambie kwamba nimemwita mzee wa kijiji cha huko, mchungaji wetu, na huyu naibu wa chifu wa sasa, waje hapa kitandani Jumanne, nami nitawaambia kwa kinywa changu kwamba maji hayakuuvuka mkonge. Nimewaomba waje na mtu wa upande wake. Akitaka kuja mwenyewe anitazame, aje. Akitaka kunitemea mate, sina nguvu ya kujifuta, mama yako atanifuta.

Sijui kama mteremko utarudi kwake. Mashua sasa ni nyingi, na neno la mzee anayekufa ni jepesi likiwekwa kando ya ada za watu wengi. Wenye mashua watajua limetoka nyumbani kwenu, nao watakuchukia. Huenda ukalazimika kutafuta ukingo mwingine, wa tope, na kusukuma mpaka mgongo ukatike. Nilitaka kuandika hapa kwamba bora tope lenye haki, kisha nikaona nakuhubiria, nikakata. Tope ni tope. Nilikuwa ndani yake, nalijua.

Nimekuwa nikijaribu tangu asubuhi kujitafutia sababu. Mtu aliyesoma ana ustadi huo: unaweza kumpa uchafu wowote, akaupanga ukawa na kichwa na miguu. Nilijiambia nilifanya kwa ajili ya wavuvi wote. Nilijiambia kwamba mjane mmoja na mipapai miwili si kitu mbele ya riziki za watu wengi. Nilijiambia nilikuwa sina njia nyingine, nimejaribu mti, hoteli, Abdi na mawe, nimefika mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoishikilia zaidi. Nimelala nayo miaka yote hii kama blanketi: kwamba sikuwa na njia nyingine. Hata katika barua hii nimeiacha ionekane hivyo, na umesoma mpaka hapa pengine ukinionea huruma kidogo. Usinionee.

Asubuhi ya siku ile ya baraza, nilikuwa nikiteremka na njia ya nyuma ya shule, peke yangu, natayarisha maneno yangu. Kalekye alikuwa amesimama njiani na mtungi wake, ananingoja. Nilidhani amesikia, amekuja kunitukana. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza habari za watoto, akakutaja wewe kwa jina, kwa sababu siku moja nilimwambia nina msichana anayeitwa kwa jina la mama yangu.

Kisha akasema, "Mwalimu, nasikia mnahangaika na hizo mashua. Zote siwezi, zitanimalizia mahali. Lakini hiyo yako moja, wewe ulivusha shangazi yangu akiwa mgonjwa, nimekumbuka. Leta yako kwangu. Kuna mgunga hapo kando ya ua, kuna kivuli, haitapasuka. Upite tu upande wa kulia, usimkanyage mzee wangu. Na usinilipe. Siku ukishika samaki, utabisha hodi."

Nikamwambia, "Asante mama, tutaona."

Nikaendelea kuteremka. Watu walikuwa tayari wamekaa kwenye nyasi. Nilipoitwa nikasimama, Ndinda, na kunyoosha kidole kwenye ile mipapai, mashua yangu ilikuwa na mahali pa kulala, bure, na aliyenipa alikuwa ameketi mbele yangu.